Pomboo Hana Nyumba, Dada

Dada Wangari,

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Karatasi iko juu ya friji yako hapa Kibabii, na Nekesa yuko mgongoni. Nikikaa tu, analia. Kwa hivyo usiucheke mwandiko wangu, na usiniambie nitulie, maana hilo neno nimelisikia la kutosha wiki hii.

Mwanao amenenepa. Sasa anashika kichwa mwenyewe, jambo ambalo hukuwahi kuliona. Anakunywa maziwa ya kopo na kuyatema kwenye blauzi zangu zote. Shemeji Barasa anajaribu, lakini akitoka kazini anakaa mlangoni na viatu vyake, hajui aanzie wapi kuwa baba bila wewe.

Unakumbuka ile programu ya wanyama tuliyoangalia ukiwa na tumbo kubwa, miguu umeiweka juu ya mto? Walionyesha biva, yule mnyama wa manyoya mazito na mkia bapa kama mwiko, anayeangusha miti kwa meno. Akisikia maji yanavuja mahali, hatulii mpaka azibe kwa matope na vijiti. Mlango wa nyumba yake uko chini ya maji, lakini watoto wanalala ndani pakavu. Ukacheka, ukasema, "Huyo ni mimi." Na kweli. Nyumba hii uliijenga chumba kwa chumba, na mfereji ukidondosha tone moja ulikuwa unaamka.

Halafu wakaleta pomboo. Hana manyoya, hana miguu, hana nyumba, kazi yake ni kwenda. Ukaninyooshea kidole. "Na huyo ni wewe na mitumba yako. Leo Kitale, kesho Chwele, keshokutwa Kapenguria." Ulikataa kabisa kwamba wote wawili ni mamalia, ukasema huyo wa pili ni samaki tu, mpaka tukamwona akinyonyesha. Hapo ukashika tumbo. Naumia nikikumbuka jinsi ulivyolishika, Dada. Hukupata nafasi ya kumnyonyesha.

Sasa kuna maneno. Mama mkwe wako amekuja kutoka Malakisi, anataka kumchukua Nekesa. Mimi nataka kwenda naye Matisi, kwenye chumba changu cha kupanga. Kubaki hapa haiwezekani. Shemeji amefiwa, mimi sina mume, majirani watasema mpaka wachoke. Mama mkwe alisema mbele ya wote, "Ati umpeleke sokoni? Mtoto anataka nyumba. Na wewe hukai mahali." Nilikasirika nikatoka nje. Nilikasirika kwa sababu niliogopa anasema kweli. Mtu wa kumlea mtoto ni wewe, na wewe ndiye uliyekwenda.

Lakini kuna kitu walisema kwenye ile programu ukiwa umeshasinzia. Pomboo akizaa, hasimami. Anaogelea siku baada ya siku, mtoto akivutwa na maji ubavuni mwake, maana huyo mdogo bado hajui kuelea vizuri. Mama akisimama, mtoto anaweza kuzama. Na mara nyingine jike mwingine huja akaogelea nao, akasaidia. Sijui kwa nini nililishika hilo wakati ule.

Jana mama mkwe wako alimpakata Nekesa kwenye kochi. Alimwimbia Kibukusu, akampigapiga mgongo, mtoto akalia mpaka sauti ikakwaruza. Mama akataka kuinuka, magoti yakakataa. Akaniangalia. Nikamchukua, nikazunguka naye uani, kwenye kamba ya nguo, kwenye migomba, nikarudi. Nekesa akalala. Aliyekuwa analia sasa ni mimi. Mama akasema polepole, "Basi enda naye, mwanangu. Mimi hii miguu imenikataa. Lakini uwe unamleta nimuone, si ndiyo?" Shemeji aliinuka mlangoni, akavua viatu, akaingia ndani kukunja nguo za mtoto.

Jumapili tukitoka kanisani tunaondoka. Siku za soko la Chwele nitampitisha kwa baba yake, na Malakisi kwa nyanya yake. Nitamwambia mama yake alikuwa nani, hata yale ya kunicheka.

Lala, Dada. Sina nyumba ya kumpa mwanao. Nitatembea naye, na siku atakayotaka kukaa, nitakaa.

Mdogo wako,
Wairimu