Ngoma Bila Sauti

"Mama Kathini, mtoto wako afungue mdomo tu, asitoe sauti!"

Shamso, hayo ndiyo aliyoniambia mwalimu wa muziki sasa hivi, mbele ya darasa zima.

Asitoe sauti! Wiki nzima hii ya muziki shuleni mtoto anasimama mbele ya kioo akichezesha midomo kimya kimya, nami nikadhani jino linamuuma.

Ati sauti yake ni nzito, itaharibu wimbo kesho wazazi wakirekodi na simu. Ana miaka saba, Shamso! Na mwalimu mwenyewe akiimba utadhani mlango wa kiosk unafunguliwa.

Kathini akanivuta nguo: "Mama, lakini maneno yote nayajua."

Hapo nikaiona ngoma pembeni, ile mume wangu Nyamai aliyoichonga mwenyewe tukawaazima shule. Nikasema, "Sawa, mwalimu. Basi kesho na ngoma mtaipiga bila sauti."

Nikaibeba nikatoka nayo.

Tuko nje ya geti. Kathini anaipiga akiimba wimbo wote kwa hiyo sauti yake nzito, na mwalimu anatuchungulia dirishani. Amefungua mdomo tu, hatoi sauti.