Nguvu ya Mpira Hutoka Miguuni

Jumapili, mwezi wa Juni, mwaka wa arobaini na mbili tangu niondoke Temeke

Mpendwa dada Sabina,

Shikamoo. Juzi kwenye simu uliniuliza chumba ulichonitengea nyumbani kwako Mbweni kipakwe rangi gani, na nitarudi lini kukaa humo. Nitakujibu humu humu. Ngoja kwanza nikupe habari njema: bega lililokuwa likiniuma limepona, nimerudi kwenye uwanja wa tenisi!

Unakumbuka utotoni kwetu Temeke, raketi ya ubao aliyonichongea fundi wa Keko? Nilisimama uani kifua mbele, nikawa naupiga mpira ukutani kwa nguvu za mkono mtupu. Uliacha kucheza rede na wenzako, ule mchezo wenu wa kurushiana mpira na kuukwepa, ukaja kunicheka.

"We nawe! Unapiga mpira au unafukuza nzi?"

"Dada, si mkono ndio wenye nguvu?"

"Mkono unapelekewa nguvu tu. Simama ubavu, kama sie kwenye rede. Kunja magoti, kama mtu aliyechelewa misa akinyatia benchi."

Kisha ukanionyesha kwa ule mpira wenu wa soksi. Nyayo zilisukuma ardhi, magoti yakanyooka, kiuno kikazunguka, kifua kikafuata, halafu bega, kiwiko, na mwisho kabisa kiganja kikaurusha. Kila kiungo kilingoja zamu yake, kikampokeza mwenzake kasi. Mpira ulinipata mgongoni nikikimbia.

Uzeeni nilisahau. Magoti yalipoanza kuuma niliacha kuyakunja, bega likabeba kazi yote, hadi daktari akasema labda tenisi basi. Niliogopa, dada. Uwanja huu wa mtaani ndio ulionipa marafiki ugenini. Nikajirekodi kwa simu nikianzisha mpira, nikatazama polepole: miguu imelala kabisa! Nikajifunza upya, magoti nikiyakunja kidogo tu, kiuno kikitangulia mkono.

Jana mpira ulipaa juu ya wavu ukatua ndani, mzee mwenzangu akabaki ameduwaa. Nikapiga kelele, "Rede!" Hawajui maana yake, ila waliangua kicheko, na sasa wote wanataka niwafundishe.

Nikiwa katikati ya kicheko hicho nikajua la kukujibu. Nina furaha hapa, na haikupunguzi wewe moyoni mwangu hata kidogo. Chumba kipake rangi aipendayo binti yako, akae yeye na mumewe. Jumapili zote nitakupigia, tutacheka. Lakini mie sirudi.

Mdogo wako