Mama Mkwe Aliposimama Mahakamani

Karaganda, katikati ya baridi

Dada yangu Raushan,

Huku theluji imefika dirishani, na mwanangu Tomiris ameng'oka meno ya mbele, akicheka utadhani bibi kizee. Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima: nimeshinda!

Unajua Yerlan alivyoacha kutuma pesa za matunzo ya mtoto tangu tuachane. Juzi juzi akaomba mahakama imtangaze kuwa amefilisika, kisha akanipigia simu akicheka: "Sina kitu, bibi wee. Kaudai upepo!"

Jana hakimu alimwambia, "Madeni ya benki yanaweza kufutwa. Matunzo ya mtoto hayafutwi. Utalipa yote."

"Nitalipa na nini, mheshimiwa? Sina hata kuku."

Hapo akainuka mama yake mzazi kule nyuma, na kilemba chake cheupe. "Una farasi, Yerlan! Umewaandikisha kwa jina langu. Mheshimiwa, wauzwe."

Yerlan akanywea. "Mama, unanianika mbele za watu?"

"Mjukuu wangu anavaa viatu vya kuazima, nawe unaficha farasi! Keti."

Hakimu ameamuru wauzwe, na Tomiris alipwe kwanza. Nje nilimshika mama mkwe mkono, nikaanza kulia. Akanikemea: "Unalilia nini? Twende kwako, nina njaa."

Tulikula nyama mpaka sufuria ikabaki tupu. Sasa hivi amelala na Tomiris kitanda kimoja, na sijui nani anakoroma zaidi.

Mdogo wako anayetembea kifua mbele,
Sholpan