Kasiksi ya Mama Ndani ya Laboratwari

Kwa mama yangu mupenzi, kule Baraka, Fizi.

Mama, jambo! Jambo tena, na ya tatu nakuongezea kwa sababu njia ni ndefu, moja inaweza kuanguka ndani ya ziwa. Goti lako la kushoto likoje? Unalipakaa bado mafuta ya mawese ya moto? Na we Riziki, mudogo wangu unayemusomea mama hii barua, soma yote. Usiruke pahali nimejisifu, karatasi itabaki tupu.

Mi mwili ni muzima. Mama, ungeniona ungetafuta kiti! Navaa koti jeupe mpaka magoti kama docteur, na shingoni nafunga kravate, ile tai ya kizungu Parti ya serikali imekataza kwetu. Ningepita nayo Baraka, askari wangenifunga kamba ingine mikononi. Huku Kenya hakuna anayeshangaa. Hata mwalimu wa batoto badogo anayo.

Masomo yangu inaitwa biokemia. Usiogope jina. Ni kujua namna ugali unakuwa nguvu ndani ya mwili, namna maziwa inaganda, namna tunda linaiva. Mi niliyeacha shule mara tatu, mara mbili juu ya vita na mara moja juu ya kuuza samaki ndakala kule Kazimia, leo nakaa benchi moja na batoto ambao hawajanyoa ndevu hata siku moja. Mwalimu anasema Kiingereza mbio, mi naandika kwa Kifaransa, kisha narudia yote polepole na dictionnaire. Lakini niko kati ya bale wa mbele. Sawa, si mbele kabisa. Mbele ya katikati.

Mama, kitu kimoja sikukuandikia kwa barua zingine. Huku hakuna muntu anayeita jina langu. Bananiita Zaire. «Zaire, tuimbie rumba!» «Zaire, hicho Kiswahili chako ulikiokota wapi?» Nabajibu, «Kwetu, pahali bantu banasema kwa kuelewana, si kwa kupita mutihani.» Banacheka, mi nacheka kupita bao. Kisha siku ya Mungu, baada ya ibada, mama zao na dada zao banafika na chai ndani ya termosi na chapati ndani ya kitambaa, kila kikundi chini ya muti wake. Mi naenda laboratwari kuosha chupa. Siku moja nilizisalimia kwa Kibembe. Hazikujibu, lakini hazikunicheka.

Sasa sikiliza vizuri, hii ndiyo barua yenyewe.

Mwalimu wetu wa biokemia ni mama mumoja mukenya wa miwani, docteur wa kweli. Alitupa kazi ya chachu: kila muntu atie maji ya matunda ndani ya chupa, aone namna sukari inageuka, apime ile hewa inayotoka, kisha amwage yote. Kuonja ni marufuku, chuo ni cha kanisa. Bengine baliweka chachu ya dukani, bakaacha chupa juu ya meza. Huku milimani kuna baridi, chupa zao zikalala kama bantu ba homa. Mi nikakamua ndizi mbivu na majani makavu, nikakaanga mutama, nikausaga, nikautia ndani, nikaifunga chupa na majani ya ndizi na blanketi yangu mwenyewe. Namna yako, mama, hatua kwa hatua. Siku ya pili, chupa ilikuwa inaimba! Povu lilisukuma kifuniko mpaka kwenye dirisha.

Mama Docteur akauliza mbele ya bote, «Zaire, nani alikufundisha hii?»

Unanijua. Nikapandisha sauti: «Mama yangu! Kasiksi yake, ile pombe ya ndizi, bantu ba Ubwari banaifuata na mitumbwi! Ni docteur kabla yenu bote, tofauti ni kwamba hana karatasi!»

Bakapiga meza kwa kicheko. Mama Docteur mwenyewe alifurahi. Lakini habari ikatembea, na kesho yake muzee mwangalizi wa banafunzi akaniita kwenye bureau yake. Kanuni yao inasema mwanafunzi na nyumba yake baachane na pombe. Na kwenye fomu ya kuingia, pale banauliza kazi ya muzazi, mi niliandika: mulimaji. Si uongo mutupu, ndizi unalima kweli.

Aliniuliza kwa upole, «Kijana, ni kweli mama yako anapika pombe?»

Mama, nilisema hapana. Nilisema, «Ilikuwa muchezo, muzee. Si mama yangu. Ni mama fulani wa sokoni, mupagani, nilimuona nikipita.» Akashusha pumzi. Akaniombea, mukono wake juu ya kichwa changu, akanipa chai ya maziwa. Na mi nilikunywa ile chai mpaka chini.

Tangu siku ile nakuwaza we tu. Nakuona pale benchi ya nyuma ya kanisa, kikombe cha Meza ya Bwana kinakupita mwaka kwa mwaka juu ya ile mitungi ya pombe iliyonipeleka shule, na we unaimba kupita bale wa mbele. Hata siku moja hukusema mitungi si yako. Na huku siko na muntu wa kumwambia. Ningemwambia nani? Bananijua kwa muzaha tu. Ningeanza kulia, bangengoja pahali pa kucheka.

Jumatatu mama Docteur akanirudishia rapoti yangu. «Kazi ni nzuri,» akasema, «lakini andika jina la aliyekufundisha. Kwa sayansi, muntu haibi kazi ya mwenzake.» Nikaandika jina lako lote, lile la baba yako pia. Kisha nikabeba ile rapoti mpaka kwa muzee mwangalizi.

«Muzee, ile siku nilikudanganya. Yule mupagani wa sokoni hakuna. Ni mama yangu. Anapika hata leo, na ni mukristo.»

Akasoma, akatoa miwani. «Unajua jambo hili linaweza kukurudisha kwenu?»

«Najua.»

«Basi kwa nini umekuja?»

Mara ya kwanza tangu nizaliwe, mama, sikukuwa na neno la kuchekesha. Nilisema tu, «Ni mama yangu, muzee.» Akarudisha miwani machoni, akasema kamati ya chuo itaketi Alhamisi.

Leo ni Jumatano. Hii barua naipa mufanyabiashara wa vitenge anayeshuka Kigoma, ataivusha na mashua. Kwa hiyo itakufikia bila jibu la kamati, ao mi mwenyewe nitafika mbele yake. Ukiniona nashuka pale bandarini na sanduku, usinililie na usiulize koti jeupe liko wapi. Nionyeshe tu mutungi wa kukoroga. Usiponiona, jua bamenivumilia, niko naosha chupa.

Nisalimie bibi kule Lubondja, umwambie mihogo yake bado naiota. Nisalimie mujomba wa nyavu, na mama mukubwa anayeuza chumvi karibu na wewe. Muchungaji pia, umusalimie kwa heshima. Hana kosa, anafuata kitabu chake.

Kamati itanisamehe ao haitanisamehe, hiyo ni yao. Mi nangoja ya kwako. Mwambie Riziki aiandike, hata iwe mustari mumoja.

Ni mi mutoto wako uliyemuzaa na ukamusomesha,

Wilondja