Maktaba Waliyoihesabu Ikiwa Tupu

Baba Akinyi,

Hamjambo huko Kisumu? Mimi nina hasira, na hilo doa la mafuta pembeni ni la roleksi, chapati yao ya mayai hapa Wandegeya. Leo nilikwenda mkutano wa wazazi chuoni kwa Akinyi. Afisa wa mipango akatuonyesha michoro ya rangi ukutani, akatangaza kwamba kuanzia leo maktaba itafungwa kila jioni, maana walihesabu wasomaji wiki nzima wakakuta viti vitupu. Wazazi wakapiga makofi! Nikamnong'oneza Akinyi, "Wiki hiyo mlikuwa wapi?"

"Mama, tulikuwa mashuleni, mazoezi ya kufundisha. Chuo chenyewe kilitutuma."

Nikasimama nikayasema hayo. Unanijua. Yule bwana akatabasamu, akaniita bibi kwa lugha ya hapa: "Nyabo, namba haiwezi danganya."

Nikamwambia namba haijadanganya, aliyedanganyika ni yeye: amebisha hodi wenyewe wakiwa safarini, akaandika kwamba nyumba haina watu! Eti hoja yangu itaangaliwa mwaka ujao. Chuo cha ualimu, jamani, hakijui kimewapeleka wapi walimu wake!

Hostelini hakusomeki kwa muziki wa baa ya jirani. Kwa hiyo ninavyokuandikia, binti yako amefungua kitabu papa hapa kwa muuza chapati, kiwiko kwenye kachumbari. Anakusalimu sana. Usisahau dawa zako, mume wangu, nimekukumbuka. Na huyo anayetafuta wasomaji aje hapa jioni hii. Meza zote zimejaa vitabu.

Mama Akinyi