Bakuli la Sukari la Marehemu Baba

Naguru, Jumapili

Afadhali, nimepumua! Shemeji, mume wa dada, kazi yake ni kulinda ndovu mbugani, na mimi mjinga nikamwandalia sukari ya chai kwenye bakuli la pembe ya ndovu la marehemu baba, lile lililochongwa wawindaji na mikuki. Mama alipokumbuka kuwa kumiliki pembe ya ndovu ni marufuku, bakuli lilikuwa mezani tayari. Yeye Muganda, na kwa mila haingii chumba alimo mkwe wake, kwa hiyo alibaki jikoni akihangaika.

Shemeji aligeuza bakuli, akaichunguza ile pembe. Nikajua tumekwisha.

Kisha akaniambia kwa sauti ya juu, mama asikie jikoni: “Shemeji, mwambie mama alipeleke mwenyewe kesho ofisini kwetu, alisalimishe. Nitawaomba wenzangu wampokee vizuri.”

Mama akajibu nyuma ya pazia la jikoni: “Mwambie, heri bakuli liende, mkwe abaki.”

Shemeji akacheka, akaongeza sukari.