Gesi Iliyokataa Kugeuka

Kwako dada,

Shikamoo, na salamu tele kwa wote hapo nyumbani. Natumaini mama anazidi kupata nafuu tangu atoke hospitali, na mguu haumsumbui tena akipanda ngazi. Mimi mwili mzima, ila moyo umechoka. Uliuliza mbona nimekuwa kimya. Soma hadi mwisho utajua.

Kazi yetu unaijua nusunusu. Tunaipiga gesi kwa leza, mipigo mifupi kupita kiasi, ndani ya chemba ya chuma iliyonyonywa hewa yote. Gesi ikipigwa hivyo hutoa mwanga mpya, wa mawimbi mafupi mno, usioonekana kwa macho. Sasa, molekuli ya naitrojeni ina urefu, mfano wa punje ya mchele. Mpigo wa kwanza unazipanga zote zielekee upande mmoja, wa pili unatoa mwanga. Ukizigeuza, mwanga lazima upande au ushuke.

Basi haukupanda wala kushuka! Wiki tatu, dada! Nageuza nyuzi kumi, vilevile. Nageuza tisini, vilevile. Mstari kwenye kompyuta umenyooka kama umepigwa pasi. Kila asubuhi profesa ananiuliza kama kuna jipya, utadhani nimelificha mfukoni. Nikamjibu kwamba mimi sina kosa, fundi wa leza ndiye hajapanga vioo vyake sawasawa. Nikarudia kwenye mkutano, mbele ya watu wote, na sauti nikapandisha.

Fundi huyo tunamwita Taratibu, maana ndilo neno lake. Amevisafisha vioo vyote na kuvipanga upya mara nne, bila kunijibu hata moja. Profesa kasema mkataba wake unaisha mwezi huu na haoni sababu ya kuuongeza. Ataamua leo saa nne.

Ijumaa nilizunguka nyuma ya ukuta, kwenye mitungi ya gesi, kutafuta spana. Lahaula! Bomba letu limefungwa kwenye mtungi wa argoni. Argoni, dada, ni chembe mojamoja, duara kama gololi. Gololi utailaza vipi, utaisimamisha vipi? Wiki tatu nageuza gololi na kumtukana fundi!

Sasa niseme kweli. Kwetu anayebadilisha mtungi ndiye anayeandika daftarini na kutia sahihi. Sahihi ni yangu. Niliandika naitrojeni kabla sijagusa mtungi, na hapo hapo ukapiga simu kusema mama ameruhusiwa. Nikatoka nje kwa furaha, niliporudi nikaona daftari limeshaandikwa, nikadhani na mtungi nimeshabadilisha, nikawasha leza. Usijilaumu, simu haina kosa. Haraka ni yangu.

Nililifunga lile daftari nikanyamaza. Jumamosi Taratibu akanijia na vikombe viwili vya chai, akaniomba radhi kwa kunipotezea wiki tatu. Nami, dada, nikamwambia yamekwisha. Na chai yake nikainywa.

Sasa ni saa nne kasorobo, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya profesa, daftari liko magotini. Taratibu amepita sasa hivi, kanitakia siku njema. Nikifukuzwa mimi, mwambie mama polepole, lakini mwambie yote.

Nisalimie shemeji na watoto. Mlango umefunguliwa, naingia.

Ni mimi mdogo wako,
Mwenye Haraka